Mgeni wa Sheria Naye Apewe Jembe

Chombo kitokacho baharini kikitaka kuingia katika delta ya Rufiji hakiingii kwa ubingwa wa nahodha wake peke yake. Mto ule ukikaribia bahari hugawanyika mikono mingi, kila mkono una vijito vyake, na kila kijito kina mafungu ya mchanga yanayohamahama. Nahodha aliyesoma ramani zote za dunia aweza kukwama maji yanapokupwa, na kijana wa Nyamisati akampita kwa mtumbwi huku akiimba. Kwa hiyo nahodha mwenye busara humchukua mwenyeji, akamketisha omoni, akamsikiliza. Chombo ni cha nahodha, lakini njia ni ya mwenyeji.

Hata wakubwa wa vita walilijua jambo hili. Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg ilijificha katika delta hiyo, na Waingereza, kwa nguvu zao zote za baharini, wakashindwa kuifikia kwa miezi mingi. Walimtumia mwindaji mmoja, Pieter Pretorius, aliyeijua nchi ile, naye kwa msaada wa wenyeji akapima kina cha mifereji. Ndipo mwezi Julai 1915 meli mbili za Waingereza zilipopanda mto na kuiangamiza manowari ile. Mizinga ilitoka ng'ambo, lakini habari ya njia ilitoka kwa wenye mitumbwi.

Tumeanza na kisa hicho kwa sababu leo twataka kuzungumza na wasomaji wetu juu ya jambo ambalo husemwa kwa hasira zaidi kuliko kwa hesabu, nalo ni desturi ya Serikali kukodi wataalamu kutoka nje ili waisaidie ofisi yake ya sheria. Wako wasemao kwamba kukodi wakili wa kigeni ni aibu kwa nchi iliyojitawala tangu 1961. Wako na wengine, nao ni wengi katika maofisi, waaminio kwamba shauri halina uzito mpaka liandikwe kwa Kiingereza na mtu aliyeteremka kwenye ndege. Twaona kwamba pande zote mbili zimepotea njia, na watu wa delta ya Rufiji, ambayo sehemu yake kubwa sasa imo katika Wilaya ya Kibiti, wana ushahidi wa jambo hilo.

KUKODI SI AIBU

Kwanza tuseme wazi kwamba kuazima elimu si dhambi. Uingereza yenyewe, yenye mawakili wasiohesabika, haitegemei wale walioajiriwa na serikali peke yao. Mwanasheria wake Mkuu huweka orodha ya mawakili wa kujitegemea, nao huitwa na kulipwa kila shauri linapohitaji ujuzi wao. Ikiwa tajiri huazima, maskini ataona haya gani?

Na sisi wenyewe tulianza kwa kuazima. Tanganyika ilipopata Uhuru, Waafrika waliosomea sheria walikuwa wachache mno, kwani katika Afrika Mashariki nzima hapakuwa na chuo kikuu kilichofundisha sheria mpaka mwezi Oktoba 1961, kitivo cha sheria kilipofunguliwa mjini Dar es Salaam katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wachache sana. Mwanasheria Mkuu wa Serikali ya kwanza ya Uhuru alikuwa Mwingereza, Bwana Roland Brown. Yeye alikaa ndani kabisa ya nyumba, akashika kalamu ya Serikali. Hakuna aliyesema kwamba kwa kufanya hivyo Tanganyika imerudi utumwani.

Kwa nini? Kwa sababu ilijulikana tangu mwanzo kwamba kiti kile kina mwenyewe, na mwenyewe yu njiani anakuja. Mwaka 1965 kilikaliwa na Bwana Mark Bomani, Mtanzania, naye akakishika mpaka 1976. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi hulitumia neno hilo kumfukuza mgeni. Sisi twalisoma kwa namna nyingine. Jembe si adhabu. Mgeni apewaye jembe hulima shamba moja na mwenyeji wake, na akiondoka shamba hubaki limelimwa na mwenyeji amejifunza namna mpya ya kutifua.

Lakini wakati ule ule lilitokea jambo jingine ambalo si fundisho la kuigwa. Mwaka 1964, hati za Muungano zilipokuwa zikitayarishwa, Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar alikuwa Bwana Wolfango Dourado. Yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba alipewa likizo, na mwanasheria wa Uganda, Bwana Dan Nabudere, akaitwa kushauri upande wa Zanzibar. Hatulitaji jambo hili ili kufufua ubishi juu ya Muungano, ambao tumeulea na tunaupenda. Twalitaja kwa sababu laonyesha tofauti iliyopo kati ya kumwita mgeni amsaidie mwenyeji na kumwita mgeni mwenyeji akiwa amepewa likizo. Shauri la mgeni laweza kuwa zuri kabisa, lakini mwenyeji asiyekuwepo lilipotolewa atakuwa na neno juu yake maisha yake yote.

KISA CHA KAMBA WA RUFIJI

Sasa turudi deltani. Katika miaka ya 1990 kampuni iliyoitwa African Fishing Company ilipeleka kwa Serikali mpango wa kufuga kamba wa baharini katika delta ya Rufiji. Haukuwa mpango mdogo. Mabwawa na kazi zake zilikadiriwa kuchukua yapata hekta 10,000, na gharama ikatajwa kuwa dola za Kimarekani zipatazo milioni 192. Ilisemwa kwamba shamba lile litakuwa kubwa kuliko mashamba yote ya namna yake ulimwenguni. Kwa nchi yenye kiu ya fedha za kigeni, habari ile ilikuwa tamu masikioni.

Hata hivyo nchi ile haikuwa tupu. Zaidi ya watu 30,000 walikuwa wakiishi katika vijiji vya delta, wakilima mpunga katika ardhi inayorutubishwa na mafuriko ya mto, wakivua samaki na kamba, na kukata miti ya kujengea. Msitu wa mikoko wa Rufiji ndio mkubwa kuliko yote iliyo mahali pamoja katika pwani ya Afrika Mashariki. Humo mna mchu, msindi, mkandaa, mlilana na mkomafi. Na tusidhani kwamba miti ile ni mapambo ya pwani. Kamba wachanga hukua katika mizizi yake kabla ya kutoka kwenda bahari kuu, kwa hiyo mwenye kuifyeka mikoko ili afuge kamba ni sawa na mtu abomoaye ghala ili apate mahali pa kuweka nafaka.

Je, Serikali haikuwa na mtaalamu wa kuyasema hayo? Ilikuwa naye! Sheria ya mwaka 1983 ilikuwa imeunda Baraza la Taifa la Usimamizi wa Mazingira. Baraza lile liliipitia ripoti ya mazingira ya kampuni, likatoa shauri lake mwaka 1997 kwamba mradi usikubaliwe. Mwishoni mwa mwaka ule ule Baraza la Mawaziri likaukubali mradi.

Hapa twaomba msomaji asimame kidogo. Katika mabishano juu ya wataalamu wa nje husemwa kila mara kwamba Serikali huwakodi kwa kuwa haina wa kwake. Kisa cha kamba wa Rufiji chatuonyesha ugonjwa mwingine kabisa. Serikali haikukosa mtaalamu wala haikukosa shauri. Shauri lilikuwa mezani, limeandikwa na watu wake yenyewe, waliolipwa kwa kodi ya wananchi. Kilichokosekana ni sikio. Na sikio halikodiwi London wala Washington.

Wanavijiji nao walifanya nini? Walikwenda kutafuta wataalamu! Kulikuwa na chama cha wanasheria vijana wa Kitanzania wa kutetea mazingira, kijulikanacho kwa jina la LEAT, kilichoanzishwa mwaka 1994. Chama hicho kiliwasimamia watu wa delta, na mwaka 1998 shauri lao likafunguliwa katika Mahakama Kuu. Wanasheria wale nao hawakujifanya kujua kila kitu. Waliomba msaada wa wanasayansi wa ng'ambo waisome ripoti ya kampuni na kuonyesha kasoro zake. Waandishi wa habari wa mazingira nao wakalipeleka neno lile mbele ya Taifa. Mwishowe mradi ule haukujengwa. Mwaka 2004 delta ya Rufiji, pamoja na Mafia na Kilwa, iliandikwa katika orodha ya ardhioevu zenye thamani kwa ulimwengu wote, na mwaka huo huo Bunge likapitisha sheria mpya ya mazingira iliyolazimisha miradi mikubwa ipimwe madhara yake kabla ya kuanza.

Tazameni mpangilio wa msaada ule. Mvuvi alijua kamba hukulia wapi. Mwanasheria wa Dar es Salaam alijua mlango wa mahakama. Mwanasayansi wa ng'ambo alijua ripoti ya namna ile huandikwaje na hufichwa nini ndani yake. Kila mmoja alikaa mahali pake, na aliyewakusanya wote ni mwenye nyumba. Mtu wa nje hakuja kumfundisha mvuvi habari za maji yake.

WAKILI WA KABLA YA SAINI

Chama kile kile cha wanasheria kilionekana tena miaka michache baadaye katika shauri kubwa zaidi, na safari hii maneno yao hayakuwa dhidi ya Serikali. Mwaka 2003 kazi ya kusambaza maji Dar es Salaam ilikabidhiwa kampuni ya City Water, ambamo Waingereza na Wajerumani walikuwa na hisa. Mwaka 2005 Serikali iliuvunja mkataba ule, na wenye hisa wakaishtaki Tanzania katika baraza la usuluhishi la Benki ya Dunia. Serikali ilikodi mawakili wa nje, kwani mashauri ya namna ile yana kanuni zake, na hayajifunzwi kwa usiku mmoja. Katika mwaka 2007 LEAT na vyama vingine vya wananchi viliruhusiwa kupeleka maandishi yao barazani kama marafiki wa mahakama, kueleza kwamba maji si bidhaa kama bidhaa nyingine. Hukumu ilitoka mwezi Julai 2008. Baraza lilisema kwamba Serikali ilivunja baadhi ya masharti ya mapatano ya kulinda mitaji kati ya Tanzania na Uingereza, lakini halikuwapa washitaki fidia hata senti moja.

Wengine walishangilia, na haki yao. Sisi twauliza swali moja tu. Je, mambo haya hayakuweza kujulikana kabla ya mkataba kutiwa saini, au angalau kabla ya kuvunjwa? Wakili aitwaye kabla ya saini ni kama mganga wa chanjo: sindano yake yauma kidogo na gharama yake yahesabika. Wakili aitwaye baada ya ugomvi ni kama mpasuaji. Hutoza kwa saa, na hata akishinda, mgonjwa hutoka na kovu.

Si kila mara tumetoka na kovu tu. Mwaka 2017 tulizibadili sheria zetu za madini kwa nia njema ya kulinda mali ya Taifa, na chini ya mabadiliko hayo baadhi ya leseni zilifutwa. Mmoja wa walioguswa alikuwa mwenye leseni ya nikeli ya Ntaka Hill, Nachingwea, katika mkoa wa Lindi, jirani na watu wa Kibiti upande wa kusini. Mwezi Julai 2023 baraza la usuluhishi liliamuru Tanzania ilipe zaidi ya dola milioni 100, na mwaka 2024 pande zote mbili zikapatana kwa dola milioni 90. Msomaji na ahesabu mwenyewe ni vituo vingapi vya afya vingeweza kusimama katika visiwa vya delta kwa fedha hizo. Nia ilikuwa njema, lakini nia njema isiyopitishwa chini ya miwani ya mtu ajuaye mikataba ya kimataifa ni kama dau zuri lisilokalafatiwa.

Basi na tusidanganywe na wale wanaosema tusikodi kabisa. Mwaka 2018 Serikali ilifanya jambo la maana ilipounda ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali, ili mashauri yanayoihusu Serikali, ya nyumbani na ya ng'ambo, yawe na mwenyewe. Twaipongeza hatua hiyo. Lakini ofisi hupewa jina kwa siku moja, na uzoefu huchukua miaka. Mpaka miaka hiyo itimie, mgeni atahitajiwa, na baada ya kutimia atahitajiwa mara moja moja, kama ahitajiwavyo huko Uingereza.

MASHARTI YA JEMBE

Kwa hiyo twaona ubishi juu ya rangi ya ngozi ya wakili au juu ya hati yake ya kusafiria hautatufikisha popote. Kinachotupasa kuuliza ni kwamba amekodiwa kwa masharti gani. Twapendekeza manne.

La kwanza, mwenyeji asikilizwe kabla ya mgeni. Kabla Serikali haijatafuta shauri la nje, iandikwe katika jalada wataalamu wake yenyewe wamesema nini. Na ikiwa wakubwa wameamua kuliacha shauri hilo, kama lilivyoachwa la mwaka 1997, waandike sababu na kuweka sahihi zao chini yake. Mtu aandikaye sababu zake hufikiri mara mbili. Asiyetakiwa kuandika huweza kusema kesho kwamba hakuambiwa.

La pili, kila wakili wa nje aketi na vijana wetu wawili au watatu wa ofisi ya sheria tangu siku ya kwanza, waandike naye, wasafiri naye, wasimame naye mbele ya baraza. Akiondoka na majalada kichwani mwake, tutamkodi tena kwa shauri la pili kana kwamba la kwanza halikuwako. Huko ni kununua samaki kila siku katika nyumba yenye wavu.

La tatu, shauri lake litafsiriwe kwa Kiswahili chepesi. Tangu mwaka 2021 sheria ya nchi yetu imekitambua Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Lugha hiyo isiishie katika hotuba. Diwani wa Kibiti anayeambiwa kwamba mkataba fulani ni mzuri ana haki ya kuusoma uzuri huo kwa lugha anayoisema nyumbani kwake. Shauri lisiloweza kuelezwa kwa Kiswahili mara nyingi ni shauri ambalo mwenye kulieleza hajalielewa, au hataki lieleweke.

La nne, uamuzi usikodiwe. Mtaalamu aseme njia ni tatu, na kila njia ina hatari hizi na faida hizi. Kuchagua ni kazi ya waliochaguliwa. Kiongozi asemaye, "Wataalamu ndio walioamua," amejivua joho lake mwenyewe akamvika mtu ambaye wananchi hawakumpigia kura na hawawezi kumwondoa.

Wako watakaotujibu kwamba masharti haya yatachelewesha mambo, na kwamba mwenye mtaji hangoji. Twawajibu kwamba mwenye mtaji wa kweli hungoja, kwani naye ana mawakili wake ambao wamemwambia asubiri mpaka karatasi zikamilike. Asiyeweza kungoja mwezi mmoja ili mwenyeji aulizwe, huyo ana sababu yake ya kukimbia, nasi tusikimbie naye.

Wengine watasema kwamba mambo ya Rufiji yamepita. Hayajapita. Mwaka 2018 Serikali ilitia saini mkataba wa kujenga bwawa kubwa la umeme juu ya mto huo huo, lenye uwezo wa megawati 2,115, na maji yafikayo deltani ni yale yaliyopita hapo. Mwaka 2022 zilitolewa kanuni za biashara ya kaboni, na mikoko ni hodari wa kuhifadhi hewa ya ukaa ardhini. Miti ambayo jana ilitakiwa ifyekwe kwa ajili ya kamba, kesho yaweza kutakiwa isimame kwa ajili ya hewa. Mnunuzi atakuja na mkataba mnene, na pengine mkataba huo utakuwa mzuri kweli. Lakini ni nani atakayeusoma kwanza, na atausoma akiwa ameketi na nani?

Twapenda kuamini kwamba safari hii kijana wa ofisi ya sheria atapanda gari mpaka Kibiti, ashike njia ya Nyamisati, apande mtumbwi, aulize. Mtaalamu wa nje naye akiwamo ndani ya mtumbwi huo, karibu sana. Kuna nafasi, na kuna kafi la pili.